Maelezo kwa Mgeni wa Chumba cha Nyuma

Ufunguo umo ndani ya kopo la mshubiri, si chini yake;
chini yake kuna nge, naye alikuwa hapa kabla yangu.
Karibu. Kisiwa chetu ni maili saba kwa mbili,
barabara ni moja. Ukipotea
umetaka mwenyewe.

Maji utakayooga yaliangukia paa.
Hatuna mto, hatuna kisima, tuna mawingu
na tangi la saruji chini ya sakafu unayoikanyaga.
Basi fungua bomba, jiloweshe, funga, jipake sabuni,
fungua tena. Ukiimba bafuni
chagua wimbo mfupi.

Dukani kwa Theodosia usianze na "Mna...?"
Anza na habari za asubuhi, nyamaza, ngoja ziitikiwe.
Mjerumani mmoja alitaja mayai kabla ya salamu
akaambiwa mayai hakuna,
na trei tatu zilikuwa pale kaunta, zinamtazama.

Mkate hutoka tanurini saa kumi jioni, kwa Alford.
Saa kumi na robo umekwisha.
Meli ya mizigo huja Jumanne.
Yaani, husemwa huja Jumanne.
Ukiona watu wamevaa za kutokea wanateremkia gatini,
hiyo ndiyo Jumanne, kalenda iseme Alhamisi ikitaka,
na usiku huo nyumba zote zitanukia vitunguu.

Ufuo wa kaskazini kuna mti wenye kivuli kizuri,
matunda yake kama tofaa dogo la kijani.
Usiyaonje. Wala usijikinge mvua chini yake:
utomvu ukichanganyika na maji
huchubua mgongo kama uji wa moto.
Tumelipaka shina lake rangi nyekundu.
Wapo wanaodhani ni pambo
wakaegemea kupiga picha.

Gari likisimama bila ya kuliita, panda.
Ni Elroy, au mtu amjuaye Elroy.
Atakuuliza wewe ni wa nani.
Sema: wa Ouida, chumba cha nyuma.
Hapo atakusimulia habari zangu. Nusu ni uongo.
Ile ya mchumba na sufuria ya supu ni kweli.

Umeme ukikatika usinigongee.
Mishumaa imo droo ya pili, na kiberiti, na picha
ambazo una ruhusa kuzitazama.
Yule anayecheka huku kamshika mbuzi pembe
ni mama yangu. Paa lililo nyuma yake
tulilikuta asubuhi ya pili shambani kwa Cuthbert,
zima, limekaa juu ya viazi vikuu
kama kofia iliyosahauliwa kanisani.
Yeye hatukumwona. Tukaita. Tukaita
mpaka sauti zikakauka, kisha sakafu ikajibu.
Alikuwa ndani ya tangi, maji kifuani,
redio kaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili,
anauliza kama taarifa ya habari imeshapita.

Ndiyo maana nakusumbua na mambo ya bomba.

Alikufa miaka sita baadaye, usingizini,
chumba hicho hicho ulicholala.
Godoro ni jipya.

Wenyewe husema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina,
nina ngazi na fagio.
Mfereji wa paa umejaa majani ya mkungu,
na lile wingu la mashariki, kwa ninavyolijua,
lina neno. Panda kabla ya adhuhuri, goti langu halipandi tena.
Ukiteremka chai itakuwa mezani.

Usiku ukisikia mvua
usikimbilie kufunga dirisha. Tulia kwanza,
sikiliza chini ya kitanda: tone, tone, halafu mfululizo.
Nami nitakuwa macho chumba cha mbele,
nasikiliza hayo hayo.

Ukipita kwa Theodosia niletee mayai sita.
Salamu kwanza.