Kukata Wimbo

Eelis, mjukuu wa dada yangu, alinionyesha mara moja tu,
mdomo umejaa andazi la mdalasini:
"Chagua mwanzo. Chagua mwisho. Hifadhi."
Kisha akavaa buti akaiwahi tramu,
akaniacha na santuri zangu mia moja na kumi na mbili
nilizozigeuza faili majira yote ya baridi
huku Tampere ikijifukia theluji hadi madirishani.

Sikuwahi kujua kwamba wimbo una umbo.
Kumbe ni vilima na mabonde ya kijani kwenye kioo,
ngoma ni miiba,
na kimya ni uzi mwembamba uliolala chali.
Sekunde thelathini. Simu haipokei zaidi.

Miaka thelathini na minne nilikata karatasi kiwandani
kwa wembe mrefu kuliko basi,
wala sikuuliza hata siku moja
nani ataandika nini juu yake.
Leo mkono unatetemeka juu ya kipanya
kwa ajili ya polka.

Polka nimempa dada yangu Kerttu,
maana naye akianza hana nukta wala mkato.
Benki nimeipa bendi ya zimamoto, matarumbeta matupu,
nijue kabla sijapokea kwamba kuna kitu kinaungua.
Daktari wa meno
nimempa ule mkwaruzo wa sindano
kabla muziki haujaanza.
Jirani Rantanen, aazimaye koleo la theluji asirudishe,
hana wimbo. Kwake simu hutetemeka tu.

Tuulikki nilimwachia zamu ya mwisho.
Binti yangu, yuko Halifax,
saa sita nyuma ya saa yangu ya ukutani.
Nilijua ni tango lipi
(la kucheza, si la kachumbari),
santuri yenye ufa pembeni,
na nilijua ni wapi: pale kabla ya kiitikio
mwimbaji anapovuta pumzi
na ukumbi mzima unamngoja.
Hapo ndipo mama yake aliponikanyaga kidole
akacheka badala ya kuomba radhi.
Saa mbili nzima nilisogeza wembe, unywele kwa unywele.
Nikikata mapema, kodiani inaingia bila hodi.
Nikichelewa, pumzi inakatwa shingo.
Saa nne na robo usiku nikaipata, haina jeraha.

Majuma matatu sasa.
Benki imelia ndani ya tramu, watu wakageuka.
Kerttu amelia mara kumi na tisa
na polka yangu imekwisha:
Jumamosi nikiiweka kwenye gramafoni
mkono wenyewe unakimbilia mfukoni,
na ikivuka sekunde ya thelathini
naishangaa, kama mgeni anayeendelea kula
wenyeji wameshaosha vyombo.

Tango halijalia.
Halijaguswa, halijachakaa,
kiatu kipya kilichokaa dirishani mwa duka.
Tuulikki huandika.
Hutuma picha za mbwa wake, hutuma kidole gumba, moyo,
na maandishi hayaimbi,
hugonga tu ting, kijiko kwenye glasi,
kama mtu aliyetaka kuhutubia harusini
kisha akaghairi.

Jana nikaifungua tena ile faili.
Nikakata kodiani. Nikakata fidla.
Nikamkata mwimbaji mwenyewe, kiitikio na yote,
nikabakiza pumzi yake peke yake,
nusu sekunde,
nikaikabidhi kwa jumbe za Tuulikki.

Asubuhi hii, giza bado, nakoroga kahawa:
juu ya meza, kati ya funguo na siagi,
mtu akavuta pumzi ya kutaka kuimba.

Nilisimama na kijiko mkononi
muda mrefu kuliko inavyostahili mtu mzima.

Ni yule mbwa, theluji imemfika masikioni.
"Na huko pia?" ameuliza.