Zamu ya Matone

Saa kumi na moja alfajiri nimeshafika ukingoni,
viatu vya mpira, bomba la sindano lisilo na sindano,
dumu la klorini kifuani kama mwana wa kuazima.

Igogo kwetu ni mawe juu ya mawe.
Chimba choo: sururu inatema cheche,
futi mbili tu umegonga uti wa mlima.
Basi mvua ikinyesha, kila kilichofichwa juu
hushuka kutuamkia ziwani,
papo hapo tunapochota.

"Lete ndoo. Haya. Ngoja nusu saa ndipo unywe."
Siku nzima sina maneno mengine.
Nyanzala muuza uji hunipita kaziba pua:
"Uji wangu sasa unanuka shuka za wodini!"
Lugembe fundi baiskeli anaapa dawa hii inakausha uzazi,
naye ana watoto tisa,
wa kumi yu njiani.

Wiki ya kwanza daftari la kambi lilisoma thelathini na mmoja.
Ya pili, kumi na tisa.
Ya tatu, sita,
na katika sita hao alikuwamo shangazi Kabula.
Walimzika wanaume wanne waliovaa plastiki,
sisi tukiwa ng'ambo ya kamba,
hakuna aliyemwosha, hakuna aliyemgusa hata unyayo.
Kamba ile niliifunga mimi.

Nikalala ndani siku tatu, uso ukutani.
Ndoo zikapanda mlima bila tone.
Wiki ya nne: kumi na wanne.
Hakuna aliyenilaumu.
Nilisoma ile namba, nikatafuta viatu vyangu.

Halafu nane. Halafu mmoja, mtoto, akapona.
Halafu kurasa tupu, na afisa kutoka mjini
akikunja hema: "Hakuna mgonjwa, hakuna posho."
Nikabaki na jibu kooni.
Aliyepona ana jina, ana namba ya kitanda;
ambaye hakuugua
nimwonyeshe kwa kidole gani?

Leo nimeshuka mikono mitupu, nichote yangu tu.
Nyanzala kanitangulia. Kafunua ndoo, kasimama,
hanitazami, anaitazama ndoo.
"Yaani leo hunitilii?
Wateja wangu wameshaizoea ile harufu.
Wakiikosa watasema
uji umechacha."