Saa Nne za Katikati

Hii ni kampuni ya tatu, na koti langu la tatu.
Basi ni lilelile: kiti kilekile kinachotesa kiuno,
na mlango wa nyuma, mgomaji wetu wa kwanza
kila mvua ikinyesha Otara.

Zamu wameikata vipande viwili kama mkate,
alfajiri yao, jioni yao,
na katikati saa nne zisizo na mwenyewe wala malipo.
Nyumbani mbali. Tunalala garini, shingo upande.

Losa ndiye aliyeanza.
Hakuhutubia. Alileta chupa ya chai na daftari la hesabu la mwanawe,
akauliza: "Wewe, saa zako nne huzifanyia nini?"
Tukajibu mmoja mmoja, akaandika.
Harpreet hubana mkojo hadi kituo cha mwisho,
ambako choo kina kufuli.
Falaniko alikosa mazishi ya shangazi yake.

Ijumaa meneja aliwakuta kumi na tisa.
"Mnafanya nini hapa? Hamko kazini!"
"Naam," akasema Losa, akimmiminia chai,
"hilo hasa ndilo tunalolijadili."

Mimi, wa ishirini,
nilikuwa bado mlangoni, koti mkononi.