Mahali Nisipopataja

Usiniulize iko wapi.
Nimeficha swichi mia mbili na ushei katika mji huu wa Temuco,
na hata mke wangu, Mungu amrehemu,
alikufa hajui ya gari letu.

Bi Ernestina Pailamilla alikuja Julai,
moshi wa kuni umelala juu ya mapaa kama paka mgonjwa,
Nissan yake ya mwaka tisini na saba
ikikohoa mlangoni pa gereji.
Wateja wote husema: wezi.
Yeye alisema: mtu.
"Iweke mahali ambapo mtu anayenijua
hatadhani mkono wangu unafika."

Sikuuliza. Fundi umeme anayeuliza sana hupigwa shoti.

Nilikata waya wa pampu ya mafuta,
si wa stata. Stata ikinyamaza
mwizi hushuku ujanja, huanza kupapasa.
Mwache azungushe. Injini iitike, iitike,
isishike.
Adhani tangi ni kavu, aulaani ufukara wa mwenye gari,
aende zake.
Nikalehemu, nikauvisha waya utepe mweusi mkuukuu
ili kazi mpya ionekane imezeeka.

Akafumba macho, akajaribu mara tatu.
Kidole chake cha shahada kimepindwa na baridi yabisi;
nikaichonga plastiki iufuate ule mpindo.
Akalipa kwa noti zenye vumbi la unga.

Agosti akaja mwanawe, Yerko,
kwa miguu, viatu vimekunywa mvua.
"Fundi, gari la mama lina ugonjwa gani?
Mchana linawaka. Saa nane usiku linakufa."
"Baridi," nikasema.
"Baridi inasoma saa?"

Nikashika spana ambayo sikuihitaji.
Alivitazama vidole vyangu, vyeusi kwa gundi ya utepe,
akavitazama hadi nikavitia mfukoni.
Kisha, polepole, kama anayehesabu chenji:
"Funguo huziacha mezani, unajua?
Kila usiku, kando ya mkate.
Angezificha, ningejua amekasirika.
Tungegombana, tukamaliza."

Sina jibu la kitu kama hicho.
Mimi najua volti kumi na mbili.

Oktoba mama akarudi, mkate kaufunga kwenye kitambaa,
akaketi juu ya tairi bila kukaribishwa.
Akanieleza namna anavyolala:
husikia mlango, husikia kiti,
kisha ile injini ikiomba na kunyimwa,
mara nne, mara tano,
mlango tena, nyayo, chaga za kitanda cha chumba cha pili,
na hapo tu usingizi humchukua,
maana anajua mtoto yuko ndani.

"Leo usiku wa sita hajaligusa."
Macho yake mekundu, taa za breki.
"Lakini nyumbani yupo?"
"Yupo. Nadhani yupo."
Akakinyoosha kile kidole, akakikunja, akakinyoosha,
akitafuta hewani kitu kidogo
ambacho ni mimi na yeye tu tunajua kilipo.

Nikaenda kukagua, tochi mdomoni.
Kilomita zilikuwa zilezile za wiki iliyopita.
Na ule utepe wangu mkuukuu
ulikuwa umefunguliwa, ukafungwa upya,
vizuri, bila kasoro,
kwa mkono mwepesi kuliko wangu.

Nilikaa mle garini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Mvua ikapiga bati.

"Vipi?" akaniuliza.
"Nzima," nikamwambia. "Hakuna aliyeigusa."
Nikaukata mkate wake vipande viwili,
cha pili nikakirudisha kwenye kitambaa.
"Mpelekee," nikasema.
"Mwambie fundi anatafuta msaidizi."