Nyuma ya Karatasi za Zamu

Miaka tisa naendesha tramu mjini Łódź,
na miaka tisa nazijua kona zinazoniumiza:
reli ikipinda penye kiwanda cha zamani cha pamba,
siku ya kwanza ya hedhi,
naishika breki kama anayeshika ukingo wa kisima.

Mama alisema: ndiyo uanamke, Dobrawa.
Akanijazia maji moto chupa ya mpira,
kisha naye akaketi, taratibu mno.
Kiti kilimwona. Mimi sikumwona.

Daktari wa kwanza alisema wasiwasi.
Wa pili akasema tumbo, punguza kabichi.
Wa tatu, kijana mwenye viatu vyeupe, akaniambia nizae,
kana kwamba mtoto ni kidonge.
Ultrasaundi ikatoka safi.
Safi!
Nililia kwenye ngazi za hospitali
kwa ajili ya neno zuri.

Nikaanza kuandika nyuma ya karatasi za zamu,
kwa penseli, maana Januari wino hugoma.
Nukta moja: nimejing'ata ulimi.
Nukta mbili: nimetapika kituo cha mwisho, abiria wameshashuka.
Mstari chini yake: choo leo ni kukalia vigae vya chupa.
Nilidhani naandika aibu.
Kumbe naandika ushahidi.

Daktari Wrzosek hakuanza na tumbo langu.
Alizipanga karatasi mezani, moja moja, kama karata,
akafuata nukta kwa kidole, mwezi hadi mwezi,
kisha akauliza:
"Na bega? La kulia, siku zizi hizi?"
Bega!
Nilidhani bega ni la breki.

Akasema picha safi si tumbo safi.
Zipo tishu, ndugu wa zile za ndani ya uzazi,
huota ugenini na kuvimba kwa kalenda ileile,
ndogo mno, picha huzipita bila kuzisalimu.
Akalitaja jina: endometriosisi.
Nikalirudia kimoyomoyo,
kama kituo kipya kwenye njia ya zamani.

Matundu matatu, kamera nyembamba, usingizi wa dawa.
Nilipozinduka akanionyesha:
madoa meusi kama masizi ya jiko,
ovari imenasa kwenye utumbo.
Nikacheka, mshono ukanikemea.
Nani hucheka kwa kuonyeshwa ugonjwa wake?
Aliyeambiwa miaka tisa kwamba haupo.

Jumapili niliiweka picha ile mezani kwa mama,
kando ya bakuli la supu.
Akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.
Supu ikapoa.
Ana miaka sitini na minane.
"Na bega pia?" akauliza.