Ukurasa Nilioutunga Mwenyewe

Jumapili usiku, mvua ya Grimsby ikipiga kioo,
nilikaa jikoni nikatunga uongo.
Ukurasa mmoja, picha mbili, buluu ya kuaminika:
Bwana Blanchard, mtunza majengo ya shule yetu,
mwaka themanini na tatu aliogelea akavuka Humber
akivuta piano kwa kamba.
Nikaongeza tarehe. Nikaongeza jina la profesa.
Uongo, niligundua, hauli mkaa:
huiva upesi, tena hunukia.

Jumatatu, darasa la nne.
Vishikwambi kumi na vinne, viwili vimeisha chaji.
"Someni," nikasema, "kisha mniambie ni kweli au la."
Kacper akatafuta uzito wa piano,
akapata kilo mia mbili,
akasema, "Kumbe mzee ana nguvu!"
Declan akaunakili wote, hadi nukta ya mwisho.
Na picha ipo, Mwalimu. Si hii hapa?

Nikaandika ubaoni:
Nani kasema? Amejuaje? Anataka nini kwako?
Wakayaandika kwa mwandiko mzuri,
wakayapigia mstari kwa rula,
wakaendelea kuamini.

Darcey, ambaye herufi humruka kama viroboto,
akanyosha mkono. Nilidhani anaomba kwenda chooni.
Kupitia dirishani nikamwona
anakata uwanja bila koti,
mbio, kuelekea kibanda cha mafagio.

Dakika sita.
Akarudi nywele zinachuruzika:
"Anasema hajui kuogelea.
Anasema anaogopa maji tangu kaka yake.
Basi. Tangu kaka yake. Hakumalizia.
Na anauliza nani kaandika."

"Mimi," nikasema.
Darasa likalipuka. Declan akafuta kazi yake
herufi moja moja, akinitazama.

Saa ya mapumziko nikamfuata Bwana Blanchard.
Alikuwa amepiga magoti, anazibua mfereji,
upepo ukileta harufu ya samaki wa moshi kutoka gatini.
Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu,
habari za mtaala, habari za nia njema.
Hakuinua kichwa.
"Ungeniuliza," akasema.
Mtoto wa miaka tisa aliwaza hilo.

Usiku, simu ikalia kifuani mwa koti:
ujumbe wa shangazi kutoka Muheza.
Maji ya kitunguu saumu, asubuhi saba mfululizo,
huyeyusha mawe ya figo, madaktari wanaficha,
tuma kwa watu kumi.
Kidole gumba kilikuwa kimeshafika kwenye mshale.
Nikakiona kile kitoto bila koti, uwanjani.

Muheza ni usiku wa manane, lakini shangazi hupokea.
"Shangazi, haya ya kitunguu saumu, nani kasema?"
Kimya. Kisha kicheko chake kile cha puani.
"Wewe mtoto una nini?
Si wewe ulinitumia, mwezi wa tatu?"