Herufi kwa Shilingi Arobaini

Kazi imekuja kwa simu, nusu ya malipo imeshaingia:
bamba la jiwe, sentimita sitini kwa arobaini,
jeupe, lisiwe na mshipa wa waridi,
la kuegemezwa bustanini kwao, chini ya mtufaha.
Babu wa babu yake alikuwa afisa.
Onchwari anachonga. Mimi napiga msasa.
Hapa Tabaka ndivyo tulivyo:
mwanamume huanza kwa shoka,
mwanamke humaliza kwa maji.

Maneno ni ya Kijerumani, siyajui,
lakini miji ni yetu, sikuhitaji mkalimani.
1889, BAGAMOYO.
1894, KALENGA, na msalaba mdogo pembeni
ambao Onchwari alidhani ni kifo, kumbe ni nishani.
1906, SONGEA.
1914, KISII.
Kisha mstari mtupu, kisha 1931
na jina la mji wenye nukta mbili juu ya herufi.
Nukta nazo tumezitoza.

Songea nimeisugua kwa msasa laini,
unga mweupe ukanijaa kucha.
Shule nilisoma, kidogo. Najua kule
maghala yalichomwa kwanza,
watu wakafuata taratibu, kwa njaa,
bila risasi kupotea.
Kwenye jiwe ni herufi sita.
Mia mbili na arobaini.

Kisii ni tano.
Hapo mkono wangu ulichelewa.

Bibi yangu Bosibori hakusema "vita vya dunia".
Alisema: mwaka ule wimbi lilivunwa na viatu.
Walitokea Karungu, wakalala Getembe usiku mmoja,
asubuhi Waingereza wakaja upande wa pili,
na kutwa nzima wageni wawili
wakagombania mlango wa mtu wa tatu.
Wapagazi walimwita afisa Hamsa Ishirini,
kwa idadi ya viboko; chini ya hapo hakujua kuhesabu.
Alipigwa begani. Akarudi kusini juu ya machela.
Machela haina miguu.
Sanduku lake nalo halina miguu.

Ratemo, baba yake Bosibori,
alikuwa ametoka kutafuta ndama.
Wakampa sanduku.
Mtu mmoja alimwona akivuka Gucha,
maji kiunoni, sanduku kichwani,
kamba ya ndama bado mkononi.
Basi.

Ndama alirudi mwenyewe jioni.
Mwezi uliofuata Waingereza walitoza ng'ombe
kwa maduka yaliyoporwa, wakamchukua na yeye.

Huyu kijana wa simu ana adabu.
Anauliza hali ya watoto. Anauliza kama mvua imenyesha.
Ameniandikia kwamba katika barua zake
babu aliisifu sana milima yetu,
kijani chake, hewa yake,
na kwamba sanduku la barua wanalo mpaka leo,
la bati, halina hata kutu.

Nilisoma ujumbe huo mara tatu.
Nikamwagia bamba maji, nikaligeuza.

Mgongo wa jiwe hausuguliwi, hakuna anayelipia.
Onchwari alikuwa amekwenda Suneka kununua maboksi.
Nilichukua msumari wa inchi nne.
Mimi si mchongaji; R yangu ilipinda,
na B ya kwanza nilianza kwa kukosea.
RATEMO ALIBEBA SANDUKU.
Herufi ishirini. Mia nane.
Sikuiweka kwenye hesabu.

Onchwari aliporudi alipitisha kidole mgongoni mwa jiwe,
kama anavyofanya kila mara kutafuta ufa.
Kidole kilisimama.
Aliniangalia, akaangalia kisima,
akaanza kukunja magazeti.

Tumelifunga kwa nyasi kavu na magazeti ya mwaka jana.
Kilo kumi na nane.
Kijana akapiga simu: mbona mmechelewa siku nzima?
Nikamwambia, mvua.